Mshika mbili au mshikwa na wawili? Kisa cha mwanafunzi wetu wa yadi ya rifa

Jamani mimi ni fundi wa rifa, yale makontena meupe yenye friji mnayoyaona yamepakiwa kwenye trela pale Changamwe yakinguruma, miaka kumi na saba sasa kazi yangu ndo hiyo, na hiki kisa nimekaa nacho muda manake wengi walikimaliza kwa sentensi moja, ati "dogo alishindwa kuchanganya chuo na kazi", na mimi kila nikisikia hivyo yaniuma kwa sababu nilikuwepo tangu siku ya kwanza na sehemu ya makosa ina saini yangu. Saini ya kalamu nasema, si ya mafumbo. Ntafika hapo.

Majina siweki, ya mtu wala kampuni wala chuo. Kijana ntamwita dogo kwa sababu ndivyo tulivyomwita yadini, mwenyewe akiniita ami.

Dogo alikuwa mwaka wa tatu uinjinia wa mitambo, chuo kikuu hapa hapa Mombasa, yuwakaa Likoni na mamake. Kwa kawaida wanafunzi waletwa kwetu kwa atachmenti, yaani mafunzo ya kazini, miezi mitatu, wanakuja na fomu za NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, karatasi ya bima na logbuku, wanashika spana wiki mbili tatu, wanapiga picha na helmeti, wanaenda zao. Wengi hawalipwi hata nauli. Huyu alikuja kivingine. Idara yake na bosi wetu waliongea wakasema hebu tujaribu, mwanafunzi asije miezi mitatu akapotea, awe anasoma na kufanya kazi mwaka mzima, kampuni imlipe mia sita kwa kila siku anayokuja, chuo kihesabu ile kazi kama sehemu ya masomo. Hiyo ni Januari 2024. Barua ya makubaliano ilikuwa ukurasa mmoja na nusu yake ni salamu. Mstari wenyewe wa kazi sasa naujua kwa moyo: mwanafunzi atafanya kazi nyakati ambazo haziingiliani na masomo yake. Basi. Nani ataamua kwamba hapa pameingiliana, nani atampigia nani simu, hakuna. Sote tuliona ni barua nzuri.

Kwa asiyejua rifa nieleze kidogo, manake bila hii kisa hakieleweki. Kontena tupu likishuka melini halipakiwi mzigo hivi hivi. Laletwa yadini, laoshwa, lachomekwa umeme wa fezi tatu, halafu twalifanyia PTI, yaani ukaguzi wa kabla ya safari, kompresa, feni, hita za kuyeyusha barafu, sensa za hewa inayotoka na inayorudi, mpira wa mlango, paipu za kutoa maji. PTI kamili yala saa mbili na zaidi na ukiikatiza waanza upya. Likipita ndo lapelekwa bara, Murang'a au Thika huko, lijazwe avokado lirudi Kilindini lipande meli. Avokado husafiri kwenye nyuzi tano sita hivi. Sasa tangu mwisho wa 2023, meli nyingi zilipoikimbia Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi ya Wahouthi zikawa zazunguka kule chini Afrika Kusini, safari ya Ulaya ilirefuka kama wiki mbili. Zamani friji ikiwa na kasoro ndogo mzigo ulifika umechoka lakini wauzika. Kwa safari ile ndefu, kasoro ndogo ni kontena zima la avokado zilizoiva njiani. Kwa hivyo dogo alitukuta wakati yadi nzima imekaa roho juu, na msimu wenyewe, ule wa kuanzia Machi, bado haujaanza.

Sasa niwape siku moja, mwisho wa Februari, manake hiyo siku ndo iliyoharibu kila kitu na ilikuwa siku nzuri kuliko zote.

Kulikuwa na rifa moja ya futi arubaini, joto halishuki. Fundi mwenzangu, mkongwe, simsemi vibaya, dawa yake ya rifa isiyopoa ni moja tu, ongeza gesi. Ashabeba mtungi begani. Dogo alikuwa ametoka darasani asubuhi ile ile, thamodainamiksi, hata daftari liko mkononi, akaomba geji. Upande wa presha ya chini yasoma psi 14. Akatoa simu, akafungua jedwali la R-134a, ile gesi ya friji, lioneshalo kila presha na joto lake, "Ami, psi 14 ni kama nyuzi kumi chini ya sifuri." Akafunga kipimajoto kwenye bomba linalotoka evaporeta, ile koili ya ndani inayopoza hewa, akakizungushia kitambaa kisisome hewa ya nje, tukangoja. Tisa juu ya sifuri. "Tofauti kumi na tisa, ami. Evaporeta ina njaa, gesi haiifikii ya kutosha." Mkongwe akasema si ndo hivyo, gesi imepungua, akashika valvu. Dogo akamwambia ngoja kidogo mzee, akaenda kuangalia kioo cha risiva, tangi linalohifadhi gesi, gesi ya majimaji imo, haijapungua. Akarudi akashika filta draya, kichujio cha kwenye bomba la gesi, mkono mmoja upande wa kuingilia, mkono mwengine upande wa kutokea, kisha akanivuta mkono nami nishike. Huku vuguvugu kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Huku baridi, tena palikuwa pametoa jasho. Filta imeziba. Gesi ipo tele lakini yapita pale kwa taabu kama watu wa feri saa kumi na mbili jioni.

Tukatoa filta tukatia mpya, tukavuta vakyumu, tukarudisha gesi, kufika alasiri kontena liko nyuzi tano limetulia. Kama tungeongeza gesi siku ile huenda lingepoa vya kudanganya, likapita ukaguzi, likaenda kufia baharini na tani ishirini za mzigo wa mtu.

Na mimi nilikaa pale nikafikiria. Filta zilizoziba nimezishika miaka yote, lakini ile hesabu ya kumi na tisa nilikuwa siijui, nilikuwa nabahatisha kwa kuangalia umande kwenye bomba. Na dogo lile jedwali alishalifanyia mtihani mwaka wa pili, akapita, na alikuwa hajui lashikwa wapi. Kama kuna mtu atakuuliza faida ya mwanafunzi kusoma na kufanya kazi kwa wakati mmoja, mwambie ni hiyo, kitu ulichofundishwa saa tatu asubuhi kukishika kwa mkono saa nane mchana kabla hakijakauka kichwani.

Ila kuanzia siku ile bosi alimpenda dogo. Hapo ndo tatizo lilipoingia, na lilipitia mlango wa mbele.

Mwanafunzi asiye na kazi ya maana hakuna anayemtafuta asipokuja. Mwanafunzi anayeweza kuokoa kontena atatafutwa mpaka msikitini. Machi ikafika, matrela yakaanza kuingia usiku, na simu ya dogo ikaanza kulia darasani. "Dogo uko wapi, rifa nane zimeingia." Alikuwa akitoka darasani saa saba, matatu mpaka Changamwe, saa nane yuko yadini, na badala ya kutoka saa kumi na moja anatoka saa tatu, saa nne za usiku. Halafu feri. Halafu kutoka feri, kupanda juu mpaka kwao. Kitandani saa sita. Kuamka saa kumi na moja. Hiyo si siku mbili, hiyo ni wiki baada ya wiki, na Aprili mvua ikaja juu yake, mwaka ule mvua nyote mwaijua.

Kuna usiku mmoja wa Aprili plagi ya rifa ilitoa cheche, tundu lilikuwa limeingia maji, umeme wa volti mia nne na zaidi ule, na aliyekuwa karibu nayo ni dogo. Hakuguswa, alhamdulillahi. Lakini nilipolala ndo swali lilinijia, huyu mtoto saa tatu ya usiku yuko chini ya bima ya nani? Ile karatasi ya bima ya atachmenti ni ya ile miezi mitatu, na hakuwa atachmenti. Sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya 2007 yahesabu mwanagenzi kama mfanyakazi, lakini barua yetu haikusema kama yeye ni mwanagenzi, kibarua, mwanafunzi ama mgeni. Nilimwambia bosi kesho yake. Akasema tutaangalia. Mnajua tutaangalia.

Haya, logbuku. Logbuku ni kitabu ambacho mwanafunzi aandika kila siku alichofanya, supavaiza wa kazini asoma, asaini kila wiki, halafu lekchara akija aangalia. Supavaiza ni mimi. Nami niliisaini wiki sita kwa kikao kimoja, siku moja, kalamu moja, juu ya boneti ya pikap, huku simu iko shingoni. Sikusoma. Baadaye nilipoisoma, kurasa nzima ilikuwa "nilisaidia PTI", "nilisaidia PTI", "nilisaidia PTI", siku ya filta yenyewe, ile siku niliyowasimulia kwa aya mbili, imeandikwa "nilisaidia PTI, filta ilibadilishwa". Mtoto alikuwa anaandika kwenye matatu, amechoka, na anajua hakuna anayesoma. Na alikuwa sawa, hakuna aliyekuwa akisoma.

Lekchara alikuja mara moja. Dakika ishirini, na nne zilikwenda kwa chai. Simlaumu peke yake, alikuwa na wanafunzi wengine wamesambaa mpaka Voi na nauli ya chuo ni ile ile. Akaniuliza kijana anaendeleaje, nikasema vizuri sana, tena kwa moyo mkunjufu. Na kazini alikuwa vizuri sana kweli. Mimi sikuuliza na chuoni je, na yeye hakuuliza na saa za kutoka je, tukapeana mikono.

Juni majina ya walionyimwa mtihani yakabandikwa. Kile chuo kina sharti la kuhudhuria robo tatu ya vipindi vya kila somo, usipotimiza huingii chumba cha mtihani. Dogo alikuwa na masomo mawili chini ya hapo, na yote mawili yana maabara Alhamisi asubuhi, na kwenye moja alikosa pia zile kati, mitihani midogo ya katikati ya muhula. Habari ilimfikia yadini, rafikiye alimtumia picha ya ubao. Alikuwa chini ya kontena anatoa paipu ya maji iliyoziba. Akatoka, akaiangalia simu, akarudi chini akamaliza paipu. Hakusema kitu mpaka jioni.

Jumamosi ile mamake akaja. Amevuka feri, amepanda matatu, na buibui lake, amesimama kwenye geti hataki kuingia. Sekyuriti akaniita. Nikamwambia karibu dada, akauliza, "Wewe ndo ami anayetajwa kila siku?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Mimi mwanangu nilimpeleka chuo. Hebu niambie, nilimpeleka chuo ama nilimleta kwako?" Sikuwa na jibu. Nikamtolea kiti, nikamwagizia soda. Kiti alikaa, soda hakuigusa.

Sasa uchambuzi wenyewe. Wazee wa yadini walikuwa na methali yao tayari, mshika mbili moja humponyoka, na yasemwa kwa sauti ile ya tulikwambia. Mimi nasema methali ni ya kweli lakini hapa imevishwa mtu siye. Dogo hakushika mbili. Dogo ndiye aliyeshikwa, na wawili, huyu avuta mkono huu na yule ule, na hao wawili hawazungumzi. Bosi alikuwa na kalenda ya meli. Chuo kilikuwa na kalenda ya muhula. Mtu pekee aliyekuwa na kalenda zote mbili alikuwa na miaka ishirini na mbili na hana ubavu wa kumwambia la yeyote kati yao. Utamwambiaje bosi anayekulipa "leo siji", na utamwambiaje lekchara "nimechelewa rifa zilikuwa nane"? Akawa awaambia wote ndiyo.

Halafu kuna ile mia sita, ambayo mimi mwenyewe niliona ni ukarimu. Hebu ipige hesabu. Analipwa siku anayokuja tu. Kwa hivyo kila Alhamisi akienda maabara, chuo chamkata mia sita, na akikosa maabara apata mia sita na usiku ukiwa mrefu apata zaidi. Mtoto wa Likoni, mama auza mboga, feri kwa mguu ni bure lakini matatu si bure. Sisi tulimwekea bei ya kwenda darasani halafu tukashangaa haendi. Hili hakuna aliyeliona, si bosi si chuo, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Na la tatu ni jinsi siku ilivyokatwa vipande. Watu wahesabu masaa, ati mbona wanafunzi wengi wafanya kazi usiku na wanapita. Sawa, lakini maabara haina nusu na PTI haina nusu. Hizo ni kazi za kukaa nazo mpaka ziishe, ukizipanga asubuhi moja na mchana moja siku ile ile, ya kwanza ikizidi nusu saa basi ya pili ishaharibika, na barabara ya Changamwe saa nane mchana haina adabu ya ratiba ya mtu.

Nikaanza kusoma kuhusu wenzetu wafanyaje, manake nilijua hatuwezi kuwa wa kwanza. Wajerumani wana chuo kizima kilichojengwa juu ya jambo hili, Duale Hochschule Baden-Württemberg, makao yake Stuttgart. Kilianza 1974 kama akademia za kazi Stuttgart na Mannheim, makampuni makubwa ya kule ndo yaliyosukuma, 2009 kikapandishwa hadhi kuwa Duale Hochschule, na kina makampuni washirika kama elfu tisa. Mwanafunzi asaini mkataba na kampuni kwanza ndo aingie chuo. Miezi mitatu darasani, miezi mitatu kazini, miaka mitatu hivyo hivyo, na kilichonikamata mimi ni mshahara, alipwa kila mwezi, hata ile miezi ya darasani ambayo kampuni haimwoni hata kivuli. Yaani kwenda darasani hakumkati hata senti. Niliposoma hapo nikaweka simu chini.

Lakini ya Wajerumani ni mbali, kampuni yetu ina watu kumi na wanne. Iliyonifaa zaidi ni ya zamani kuliko hiyo, Chuo Kikuu cha Cincinnati huko Marekani, 1906, mhandisi mmoja aitwa Herman Schneider alianza na wanafunzi 27. Na walikuwa wawili wawili! Mmoja wiki hii yuko darasani na mwenzake yuko karakanani, wiki ijayo wabadilishana. Mwenye karakana hakosi mkono hata siku moja, na kwa hivyo hana sababu ya kumpigia mtu simu darasani. Kumbe shida ya bosi wetu haikuwa roho mbaya. Shida yake ilikuwa rifa nane na dogo mmoja.

Na tusifikiri ni mambo ya Wazungu tu. Mombasa hii hii ile taasisi ya MIOME (Mombasa Institute of Muslim Education), iliyochangiwa na Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na Mabohora, ilianza kupokea wanafunzi 1951 kufundisha vijana ufundi, 1972 ikawa Mombasa Polytechnic na 2013 ikawa Technical University of Mombasa, na wazee waliopita pale enzi hizo watakwambia kusoma huku unashika nyundo si ajabu kwao. (Chuo cha dogo ni kingine, msianze kubuni.)

Mkutano ulifanyika Julai, ofisini kwa bosi, feni haifanyi kazi kwa fundi wa friji, hiyo mjionee wenyewe. Lekchara safari hii alikaa saa mbili. Nilianza mimi, nikatoa ile logbuku nikafungua zile wiki sita, nikasema hizi saini zote ni za siku moja, ni zangu, na sikusoma. Sikufanya hivyo kwa ushujaa, niliogopa lekchara angeitoa yeye kwanza. Lakini ilisaidia, manake baada ya hapo lekchara naye akasema dakika ishirini hazikutosha, na bosi akanyamaza, ambalo kwake ni kukiri.

Bosi alipinga la wanafunzi wawili. Nilipe wawili kwa kazi ya mmoja? Nikamwandikia kwenye karatasi. Dogo kwa msimu alikuwa akija kama siku ishirini na mbili kwa mwezi, mia sita mara hizo ni elfu kumi na tatu na mia mbili, na za usiku hatujaweka. Wawili kwa elfu nane kila mmoja, mwezi ni mwezi, awe kazini ama kwenye mtihani, ni elfu kumi na sita. Tofauti elfu mbili na mia nane. Nikamwambia hiyo haikurudishii rifa moja kutoka Thika ikikataliwa. Akalalamika kwamba NITA yamkata shilingi hamsini kwa kila mfanyakazi kila mwezi na hajawahi kuona hata spana kutoka huko, lekchara akamwambia mwajiri anayefunza watu anaweza kuomba arudishiwe gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa, ushawahi kuomba? Hajawahi. Miaka yote hiyo hajawahi kuomba.

Tulichokubaliana si Cincinnati wala si Stuttgart, ni kile kilichowezekana. Vijana wawili, dogo na mwengine wa mwaka wa nne, ratiba zao hazifanani. Kila mmoja ana siku zake nzima, hakuna nusu siku tena. Alhamisi haiguswi na yeyote. Likizo ndefu dogo yuko yadini moja kwa moja, na hiyo imeandikwa kama atachmenti rasmi na bima yake. Mwisho wa kazi saa kumi na moja na nusu, baada ya hapo umeme hawagusi. Barua mpya ina kurasa tatu na ina jina langu na jina la lekchara, na namba zetu zote mbili, na yaeleza nini kijana ajue kufikia mwezi gani, hesabu ya bomba na jedwali imo, niliidai mimi.

Logbuku nasaini Jumamosi. Nikiona "nilisaidia PTI" narudisha. Nataka namba moja kila siku, psi, nyuzi, ampea, chochote, lakini namba na ilikwambia nini. Wa mwaka wa nne alinuna wiki mbili akazoea.

Mambo yaliyobaki mabaya nayo niyaseme. Dogo alirudia masomo mawili, na kwa kuwa yafundishwa mara moja kwa mwaka, mahafali yamesogea, na mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, haukungoji kwa sababu ulikuwa unaokoa avokado. Chuo mpaka sasa hakijaamua kazi ya yadini yahesabiwa vipi kwenye alama, lekchara asema iko kwenye kamati. Na Machi 2025 msimu ulipochachamaa bosi alipiga simu Alhamisi, nilimwona kwa macho yangu, akanikuta namwangalia, akasema nilitaka kumuuliza swali tu. Mamake dogo nilimkuta Likoni sokoni, shikamoo za hapa na pale, nikamwambia dada siku moja upite yadini, akacheka kwa mdomo. Soda yangu bado haijanywewa.

Vijana wana daftari la makabidhiano, sikuwaambia mimi walianzishe, walilianzisha wenyewe. Lakaa kwenye sanduku la geji. Wiki iliyopita nilikuwa natafuta bisibisi nikalifungua, ukurasa wa mwisho mwandiko wa dogo, kwa mwenzake:

"Geji ya buluu yasoma psi mbili zaidi, ukipima toa. Rifa ya mwisho mstari wa pili hita moja haishiki moto, usiipitishe hata wakikuharakisha. Kesho Alhamisi. Simu ya bosi usishike."